Matanga ya Kufunikwa na Muziki

Siku ile ya kuniaga kazini, nyiye wenzangu wa chlore mulileta keki, soda na kiti ya plastiki yenye kufungwa maua, kisha mukasema Mama Mapasa atoe neno. Sikutoa. Nilikula keki, nikaenda zangu. Neno natoa sasa, kwa kuandika, maana kwa mudomo ningetukana mutu mbele ya watoto wake.

Miye sikusoma mingi. Nilifika mwaka ya tano ya primaire, vita ikaingia, nyumba ya masomo yetu ikageuka kambi ya askari, na hakuna mutu aliyenirudisha kwenye banc ya masomo. Kwa hiyo musitafute hapa maneno ya rapport. Vyeo pia sitataja. Nilipata viwili tu, na vyote vilikuja na ufagio. Tena sina miaka ya kupumuzika: wenzangu wa umri wangu wangali wanabeba makala kichwani mpaka soko. Macho njo yalinirudisha nyumbani. Ugonjwa iliniachia ukungu mu jicho ya kuume, na ukungu haujui kusoma alama ya chlore, dawa yetu ya kuua vijidudu, kwenye ndoo.

Naandika nikisimama-simama. Nakaa kidogo, nasikia jeep, naenda mulangoni. Wiki hii jeep yenu ilipita mbele yangu hapa Mudzipela, mutaa yetu ya Bunia, na ndani nyiye wote mulikuwa mumekwisha vaa: kombinezo ya mwili wote, cagoule ya kichwa, lunettes ya macho. Mulikuwa mumevalia mu gari. Usiku ile sikulala muzuri. Nani aliwafundisha kuvalia mu gari? Najua nani. Tutafika kwake.

Kazi nilianza mu maternité, pahali pa kuzalia, ya santre moja ya afya hapa mutaani, kusafisha damu na kuchemusha maji. Kisha kipindupindu ikaingia kwa watu waliokimbia vita ya Djugu, wale waliolala chini ya bâche, hema ya turubai, kando ya mji, na santre ikatutuma kule siye wawili: miye na kijana mumoja jina yake Adelar. Mukumbuke jina hiyo. Aliyetuongoza alikuwa Papa Longini, hygiéniste wa zamani, fundi wa usafi, mutu mufupi, mwenye kutembea kama vile ardhi iko na deni yake.

Siku ya kwanza tulipewa kila mutu pompe ya mugongoni, ile ya kunyunyizia. Ikijaa chlore inavuta mabega nyuma, na ukiwa mugeni unatembea kama bata. Tulifika kwenye bâche ya mama mumoja, mutoto wake alikuwa amepelekwa kwenye santre na kuhara. Adelar hakusalimia. Aliinama, akaingia, akaanza kupiga pompe: juu ya mikeka, juu ya sufuria, juu ya magoti ya mama mwenyewe.

Yule mama akasema, "Weye kijana, kwenu pia munasalimia watu na dawa ya mende?"

Adelar alicheka. Papa Longini hakucheka. Alishusha pompe yake, akageuza bidon tupu, akakaa juu yake, akamuuliza mama jina ya mutoto, ametoka kijiji gani, nani amebaki naye. Ilichukua muda. Miye mabega ilikuwa inaniuma, nikawaza huyu muzee anapenda hadisi. Kisha yule mama akasimama yeye mwenyewe, akatoa sufuria zake moja-moja, akasema, "Na hii pia munyunyizie. Na hii."

Tulipotoka Papa Longini akatuambia, "Kwanza uso wako. Maski baadaye. Mutu anapiga chlore ku nyumba ya mutu, lazima wamuone ni mutu."

Adelar akajibu, "Papa, kwa mwendo hii tutamaliza kambi mwaka kesho."

Hiyo ilikuwa mafundisho yangu yote. Ingine nilijifunza ni ya mikono: glovu mbili, ya ndani chini ya mukono ya kombinezo na ya inje juu yake, boti kavu, kuvua kombinezo pole pole ukiikunja inje-ndani kama ganda ya ndizi, kuwa kila mara na mwenzako wa kukuambia, "Simama. Usiguse uso. Sasa mukono ya kuume." Mutu hafi kwa kuvaa. Anakufa kwa kuvua, wakati amechoka na jasho inamuingia mu macho.

Kuhusu watu na amri, kipindupindu njo ilinifungua akili. Ilisemwa kila parcelle, yaani kila uwanja wa nyumba, iwe na ndoo ya kunawa mukono kwenye mulango, ama shefu wa avenue, mukubwa wa barabara yenu, atakuazibu. Haya. Kila parcelle ikaweka ndoo. Maji ilikaa ndani mpaka mbu wakazaa. Sabuni ilifungwa na kamba, kavu, mupya, kama picha ya mutakatifu. Sasa siye tukitokea ku kona, watoto wanapiga kelele, "Chlore! Chlore!" na avenue nzima inasimama kwenye ndoo. Wamama, wazee, hata mulevi mumoja aliyekuwa hawezi kusimama kwa kitu ingine. Tulikuwa tunapita katikati ya mikono safi kama wafalme. Tukikata kona, kwisha. Robinet za ndoo, za kufungulia maji, nazo zilikuwa zinahama usiku, nadhani mpaka leo ziko kwenye madumu ya pombe ya kanyanga.

Musiwacheke. Watu walitii. Walitii kile tulikuwa tunapima. Tulikuwa tunapima ndoo, wakatupa ndoo.

Halafu Ebola ikatoka upande wa kusini na njia ya biashara, ikafika Bunia. Miye na Papa Longini tukawekwa mu ekipi ya kuzika. Adelar akawa superviseur wetu. Sisemi neno juu ya kupanda kwake; nasema juu ya amri yake ya kwanza, ambayo ilikuwa hii: ekipi ivae kila kitu mu gari, ishuke tayari, ibebe mufu, iende. Gari iwashe taa na honi. "Tuko na nyumba mingi," alisema. "Hatuendi kunywa chai."

Papa Longini alimwambia, "Chef, wataona mashetani ikishuka mu gari."

"Waone wanachoona. Mufu hatangoja."

Basi tukashuka kama mashetani. Nilikuwa naona kwa lunettes uso ya watoto ikigeuka, halafu mugongo, halafu parcelle yote inakimbia. Mawe ilianza wiki ile ile. Kioo ya jeep ilivunjika mara ya kwanza upande wangu. Hakuna mutu aliwaelezea watu kwamba hawa ndani ya plastiki ni Mama Mapasa wa maternité na Papa Longini wa mukutano wa Jumapili. Walijua tu kwamba mama yao amekufa, na kwamba kabla kilio haijafika jirani, vitu vyeupe visivyo na uso vilikuja vikamufunga mu sachet na zipu.

Sasa sikia watu walifanya nini. Kwetu, mutu akikufa, mutaa unajua kwa masikio. Mwanamuke wa kwanza anatoka inje na mikono kichwani, analia, wa pili anamujibu, na wengine wanaanza kulia tangu barabarani mbele hata ya kuona parcelle. Mikeka inatoka, moto inawashwa, wanaume wanaleta karata. Hiyo njo matanga. Amri haikukataza kulia. Niliisikia ku radio mara mingi: musiguse, musioshe, muite numero ya simu ya ekipi. Kulia ilikuwa huru. Lakini watu walitazama, wakaona: ukilia, gari inakuja. Kwa hiyo wakaacha kulia.

Wakatafuta sono, mashini ya muziki. Bafle mbili za kutoa sauti, groupe ya kutoa umeme, muziki ya kucheza ama nyimbo ya kusifu, sauti juu. Ndani ya kelele hiyo walikuwa wanaosha mufu wao, wanamuvalisha, wanamulilia na kinywa kwenye kitambaa ya kikwembe, na usiku wanamuzika pahali wanajua wao. Ku nje unasema ni ubatizo. Ni ndoa. Ni mutoto amefaulu.

Papa Longini njo aligundua. Tulikuwa tunatembea asubuhi, muziki inapiga kwa parcelle moja, moshi ya sufuria kubwa inapanda. Akanisimamisha. "Mama Mapasa, angalia kwa tundu ya ukuta. Nani anacheza?"

Nikaangalia. Wamama wamekaa chini, miguu imenyooka, vikwembe vimefungwa kiunoni kama vya kilio, vinywa vimefungwa. "Hakuna anayecheza, Papa."

"Basi pale njo kazi yetu."

Na ile sono ilikuwa ya nani? Ya Bahati, shefu wa avenue. Naandika jina yake, na akitaka anifuate. Kila asubuhi alikuwa anakuja mu mukutano ya riposte, ya kupigana na ugonjwa, anakaa mbele, anasema, "Avenue yangu ni salama, hakuna mufu." Bafle zake zilikuwa zinazunguka parcelle kwa parcelle kuliko ambulance. Alijua kila mufu wa Mudzipela kabla ya muganga.

Sasa nafika ku Sifa.

Sifa ni mudogo yangu, tumbo moja; miye njo yaya yake, dada mukubwa. Aliolewa na Kambale, muuza maharagi na mafuta ya mawese, ambaye jamaa yake ilihamia hapa kutoka Butembo. Siku moja ku soko muchuuzi mumoja ananiambia, "Mama Mapasa, haukuenda ku ubatizo ku Sifa? Muziki tangu asubuhi." Nilikasirika kabisa. Mudogo yangu anabatiza mutoto bila kuniambia! Nikanunua kuku, nikaenda nikiitengeneza hotuba mu njia.

Sifa alinipokea ku mulango. Macho yake ilikuwa imevimba, na alikuwa anacheka. "Yaya, karibu. Kula."

"Mutoto gani anabatizwa?"

"Wa... wa ndugu yake Kambale. Wako nyuma."

"Na mama mukwe wako? Nimusalimie."

Kambale akaingia katikati, na sahani ya wali mukononi. "Shemeji, muzee amelala. Tena weye na kazi yako, usiingie kwake. Anaogopa watu wa chlore."

Kahindo, dada yake Kambale, alikuwa nyuma yake na kikwembe ndani ya meno. Nikaelewa: mama mukwe amekufa. Sikugusa sahani. Nilitoka na kuku wangu, nikaenda mbio mpaka kwa Papa Longini, maana mudogo yangu alikuwa na maji ya mufu ku mikono, na hiyo sikuhitaji kuambiwa.

Papa Longini akamwendea Adelar miye nikiwa hapo. Akasema: "Chef, ni dada ya Mama Mapasa. Tuache siye wawili twende na miguu, nguo ya nyumbani. Tukae nao. Jioni watatoa mufu wenyewe, na Sifa atakubali vaksini."

Adelar alikuwa anakula muhindi. Alisema, "Jamaa ya mutu haina njia yake ya pekee." Akaita gari.

Gari ilienda na taa na honi, watu sita wamevaa, na askari polisi wawili juu. Waliisikia tangu ku barabara kubwa. Ekipi ilipofika hakukuwa hata kuku. Sono ya Bahati ilikuwa ingali moto. Nyuma ya jiko kulikuwa ardhi mupya na majani ya ndizi juu, na Kambale alikuwa amekwisha pandisha muke wake na watoto ku moto mbili, pikipiki za kukodisha, njia ya Gety.

Ugonjwa hii ukiipata mapema, muganga iko na dawa na maji ya mushipa, na mutu anaweza kutoka na miguu yake. Ukichelewa, haiko hivyo. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nauliza watu wa moto, "Hamukuona Sifa?" na kila asubuhi nilikuwa napakua chakula sikuli. Tulipata vaksini siye wa ekipi siku zile, nikapigwa sindano mu mukono nikifikiri tu: hii ingekuwa yake.

Alirudi yeye mwenyewe. Dereva wa moto alimushusha mbali na ukuta yangu akakimbia. Alikuwa anashika ukuta na kutembea. Nilitoka na beseni ya sahani mukononi.

"Yaya, usinikaribie."

"Nyamaza."

"Yaya, weye unajua. Usinikaribie."

Glovu ilikuwa kazini. Mudogo yako anaanguka mbele ya mulango, unamushika. Nilimushika. Alinitapikia ku kifua, nikamukalisha, nikaita numero, nikamufuta uso na kikwembe yangu tukingoja.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Mama mukwe aliomba nimuoshe miye. Alisema asipelekwe mu plastiki kama nyama ya soko." Akapumua. "Ningekuambia weye yaya yangu, angekuja weye yule mwengine. Mwenye lunettes."

Neno hiyo ningali nayo. Hawakuogopa ugonjwa zaidi yetu. Walituogopa siye.

Sifa alikufa ku santre ya matibabu, upande mwengine wa plastiki ya kuonea ndani, na miye nilikuwa nimelala upande huu na homa. Vaksini haikuwa imeshika mwili bado, ama ilishika nusu. Waganga wanasema njo iliniokoa. Ku mutaa walisema vaksini njo ilinipa ugonjwa. Papa Longini alikuja nyuma ya kizuizi akapaza sauti ili nisikie: "Nilimufunika na kikwembe ya rangi ya majani, Mama Mapasa! Ile ya ndege! Niliomba mbele ya kumuzika!" Sikuweza kulia. Ugonjwa inakausha hata hiyo.

Nilipotoka walinipatia karatasi ya kuonyesha nimepona, wakanipigia mikono. Jirani yangu alichoma mukeka ambayo nilikalia. Watu wa moto walikuwa wananiita mushindi, na hawakunibeba. Nilikuwa na magoti kama ya bibi na ukungu ilianza ku jicho. Nilikuwa nimelala inje, ku jua, wakati Papa Longini alisimama ku ukuta.

"Mama Mapasa," akasema, "ku Kambale kuna muziki."

Kambale alikuwa amerudi na watoto. Mufu ndani alikuwa Kahindo, yule mwenye kikwembe mu meno, ambaye alimuuguza Sifa kule Gety. Nikamuuliza Papa Longini, watoto? Akasema wote watatu wako ndani. Nikasimama. Sikusimama kwa ajili ya Kambale, Mungu anajua. Watoto wa Sifa walikuwa ndani ya nyumba yenye mufu, na baba yao angewapandisha tena ku moto.

Tukakuta jeep ku kona. Ekipi ndani imekwisha vaa, Adelar inje na simu.

"Weye uko mapumuziko, konje ya ugonjwa," akaniambia.

"Njo maana naenda kutembea."

"Mama Mapasa, usiniharibie kazi. Tunaingia sasa."

"Ingia. Utakuta majani ya ndizi."

Akashusha simu. Papa Longini alitoa boti zake, akaziweka mu mufuko pamoja na kombinezo, akavaa kandambili. Adelar alimwangalia kama vile anamwangalia mutu anakojoa barabarani. Lakini hakupiga honi, hiyo namuandikia.

Niliingia ku parcelle peke yangu. Bafle zinatikisa mabati. Mulango imefungwa. Nilichukua mukeka ambao ulikuwa umeegemea jiko, nikautandika katikati ya uwanja, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikaweka mikono kichwani, na nikalia.

Nililia Sifa. Hakuna mutu alikuwa amemulilia. Niliita jina yake, na jina ya mama yetu, na jina ambayo tulikuwa tunamuita akiwa mudogo na mafua, na nikamuuliza kwa nini aliniacha na huyu mujinga wa maharagi. Nililia kama tunavyolia kwetu, na sauti inatoka ku tumbo. Kwanza muziki ilinimeza. Kisha bibi mumoja wa parcelle ya pili alitoa kichwa ku ukuta, akanitazama, akaweka mikono kichwani. Akajibu. Mwengine akajibu upande wa barabara. Nilisikia ikienda kama mvua ku mabati, nyumba kwa nyumba, wamama waliokuwa na wafu wao wa miezi ile, wasiolia hata mara moja. Kila mumoja alikuwa analia wa kwake.

Groupe ikazimwa. Kambale alitoka.

"Unalilia nani hapa?"

"Muke wako. Weye ulimulilia lini?"

"Weye njo ulimupeleka akafia mu plastiki!"

"Na weye ulimupeleka Gety ku moto na homa! Ungemuleta kwangu siku ile angekuwa anakupikia saa hii!"

"Nilete wapi? Kwa wale wa honi? Na polisi? Ningemuleta wapi, Mama Mapasa?"

Hiyo ilikuwa kweli. Nilisema tu, "Kahindo iko ndani?"

Alikaa chini pale pale alipokuwa. "Iko ndani."

Nikaita. Papa Longini akaingia na kandambili na mufuko yake, akatoa pole, akageuza ndoo akakaa. Aliuliza jina yote ya mufu. Aliuliza nani atachagua nguo. Aliuliza kama wanataka kuomba mbele ama nyuma. Wengine wa ekipi aliwaita wavue wakiwa kule ku gari, waje na uso, wavae tena hapa. Walivaa katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, boti, glovu, kombinezo, na jina ya kila mumoja iliandikwa na kalamu kubwa ya bic ku kifua. Mutoto mudogo wa Sifa akaonyesha kidole: "Ule ni Papa Longini, anajifunga!" Watu walicheka. Ku matanga ya Ebola watu walicheka. Kisha walimutoa Kahindo na kikwembe yake juu, na wamama wakamusindikiza wakilia mpaka ku kaburi, mbali kidogo, bila jiwe hata moja.

Tuliporudi Kambale alikuwa angali chini. Akasema bila kuinua kichwa, "Niko na homa tangu jana."

Adelar aliita ambulance. Kambale akasema, "Mu ile siingii. Naenda na miguu. Watu waone hakuna aliyenifunga." Akasimama. Nilitembea naye, yeye upande moja ya barabara, miye upande ingine, Mudzipela yote imesimama ku milango. Watoto walipata vaksini siku ile, na hakuna hata mumoja aliyeshikwa. Kambale alilala kule ku santre muda murefu, akapona, akatoka.

Adelar alinigombeza kwamba nyumba moja ilikula asubuhi nzima. Ilikula, ndiyo. Nyumba zingine nyuma ya ile ziliita numero wenyewe. Si zote, sitawadanganya. Ku avenue ya juu walitupiga mawe juma iliyofuata, na Bahati hakuacha kukodisha sono mpaka yeye mwenyewe akazika mutu wake. Papa Longini alikufa baadaye kwa sukari, ugonjwa ya kawaida, na tulimulilia tukashiba.

Corona nitaisema fupi, maana ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Niliwekwa ku mulango wa soko na thermomètre ya kuelekeza ku paji ya uso. Amri: bila cache-nez, maski ya kufunika pua, huingii. Cache-nez moja ilikuwa inavusha jamaa nzima. Wa kwanza anaingia, anaivua, anaitupa juu ya ukuta, wa pili anaivaa ikiwa ingali na joto ya pua ya ndugu yake. Wale waliochoka hata na hiyo walitoboa tundu ku ukuta ya nyuma, kando ya wachinja mbuzi, na tundu ile ikawa mulango mukubwa kuliko wangu. Nilikuwa nakaa pale na thermomètre yangu, napima upepo.

Kambale alikuwa anauza ndani. Tangu siku ile ya homa hajanisalimia, na hata leo hanisalimii. Ananiona ku barabara, anahama upande. Kwake miye nilimuuza muke wake. Kwangu yeye alimuua. Hatutapatana, na sitafuti. Lakini kila asubuhi alikuwa anakuja na gunia yake ku mabega, anaacha tundu bila kuingia, anazunguka ukuta yote, anafika mbele yangu, anashusha gunia, anavua kofia na kuleta paji ya uso.

Asubuhi moja vijana wa mikokoteni wakamuita, "Papa Kambale! Unazunguka bure! Pita huku kwa tundu, yule mama haoni hata vizuri!"

Hakugeuka. Alisema, "Kwa tundu mupitishe mbuzi zenu." Akabaki ameinama, macho mbali, anangoja.

Nilielekeza thermomètre. Niliisogeza karibu na jicho yangu nzuri, nikasoma.

"Hauna homa," nikamwambia. "Pita."

Akabeba gunia yake, akapita.